Kompyuta ya Zamani Ikipiga Hodi

Wazee wangu, shikamooni. Kaka na dada zangu, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuitikia wito, na ahsanteni wenyeji wetu kwa ukumbi, meza na umeme.

Mezani hapa nimeweka kompyuta mbili. Hii ya kushoto, yenye boksi lililokuwa jeupe na sasa lina rangi ya siagi, inatumia Windows XP. Skrubu zake za nyuma zimeliwa na chumvi ya bahari yetu, lakini ndani ni nzima. Hii ya kulia ni laptopu ya Windows 11. Nyaya hizi za bluu zinaziunganisha na rauta moja. Zote zinawaka, na hivi ninavyosema hazionani.

"Fundi, kompyuta zangu hazionani." Maneno hayo nayasikia dukani karibu kila wiki. Anayeyasema huwa ameshahangaika siku mbili tatu, na mara nyingi ameshaamini kwamba ya zamani imekufa. Jambo hili linanigusa, kwa sababu ndani ya kompyuta hizo ndimo yalimo maisha ya watu: hesabu za duka, karatasi za mirathi, mitihani ya shule, picha za waliotangulia mbele ya haki.

Nianze na mzee mmoja wa hapa Tanga, kule Ngamiani, aliyekuwa na studio ya picha. Kompyuta yake ilikuwa na picha za harusi na maulidi tangu 2004. Mjukuu wake alipopata laptopu ya chuo, mzee akataka picha zihamie huko kabla ile yake haijazima moja kwa moja. Mjukuu ni kijana mwerevu. Alitafuta maelekezo mtandaoni, akayafuata yote: akazima fayawoli ya laptopu, yaani ule ulinzi unaozuia wasioalikwa kuingia kupitia mtandao, akaondoa nenosiri, akaruhusu mtu yeyote aingie kwenye folda zake, akawasha na SMB1, itifaki ya zamani, yaani lugha ambayo kompyuta hutumia kushea mafaili. Picha hazikuja. Siku ya tatu wakaniita.

Nilivuta kigoda, nikafungua lile dirisha jeusi la amri kwenye kila kompyuta, nikaandika ipconfig, amri inayotaja anwani ya kompyuta kwenye mtandao. XP ikajibu 192.168.1.14. Laptopu ikajibu 192.168.43.57. Waliozoea wameshaona. XP ilikuwa kwenye rauta ya nyumbani kwa waya, laptopu ilikuwa imeshika hotspoti ya simu ya mjukuu iliyokuwa mfukoni mwake. Ni sawa na watu wawili walio nyumba mbili tofauti: utapiga hodi hadi sauti ikauke, wa nyumba ya pili hakusikii. Ulinzi wote ule ulikuwa umeshushwa bure.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, picha hizi ndizo zinazosema nilifanya kazi gani duniani." Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na ndiyo yaliyonifanya niombe nafasi hii ya kuzungumza nanyi.

Ombi langu kwenu ni moja. Kompyuta mpya ikikataa kuzungumza na ya zamani, msiivue nguo ile mpya ili kuiridhisha ya zamani. Tafuteni kwanza zimekwama wapi. Na ikionekana kwamba kweli hazielewani lugha, basi ya zamani ndiyo ipewe ulimi mpya. Hilo linawezekana, na nitawaonyesha hapa hapa.

Tuanze na njia. Andika ipconfig pande zote mbili. Kwenye mitandao yetu ya nyumbani, namba tatu za mwanzo za anwani zikilingana, 192.168.1 huku na 192.168.1 kule, ujue ziko nyumba moja. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo imeomba anwani ikakosa wa kuipa, ikajipa yenyewe. Kama iko kwenye rauta, kagua waya na rauta. Ila kama umeunganisha kompyuta mbili kwa waya mmoja bila rauta katikati, zote zikijipa 169.254 hakuna ubaya, zitasikiana. Zamani kazi hiyo ilitaka waya maalumu uliopishanishwa, lakini siku hizi, mradi moja kati ya hizo mbili ni ya kisasa, waya wa kawaida unatosha.

Angalieni pia waifai ya wageni. Rauta nyingi zinayo, na kazi yake ni kumpa mgeni intaneti bila kumruhusu aone vyombo vya mwenye nyumba. Laptopu ikiwa huko, inafungua mitandao yote duniani na haiioni kompyuta iliyo hatua tatu kutoka hapo. Na kompyuta nyingi za enzi ya XP hazioni kabisa waifai ya 5 GHz, wala XP haijui ulinzi wa WPA3. Mimi kwa kazi hii natumia waya, basi.

Njia ikishapatikana, uliza kwa ping. Kutoka kwenye laptopu andika ping na anwani ya ile ya zamani. Ikijibu, njia ipo. Lakini ukiuliza kinyume chake, laptopu ikanyamaza, usiihukumu. Windows mpya ikidhani iko kwenye mtandao wa umma, kama wa hotelini au uwanja wa ndege, hujifungia ndani na haiitikii hodi ya mtu. Nyumbani kwako iambie kwamba huu ni mtandao binafsi. Ni badiliko moja tu kwenye setingi za mtandao, na mara nyingi linatosha. Fayawoli iacheni ikiwaka. Inajua kufungua mlango unaotakiwa na kuacha mingine imefungwa.

Halafu kuna lile dirisha linaloorodhesha kompyuta zilizomo kwenye mtandao. Watu wanaliamini mno. Wanafungua, hawaioni XP, wanakata tamaa. Orodha ile zamani ilitengenezwa na huduma iliyotegemea SMB1, na Windows za sasa zinatumia mtindo mwingine wa kutangaziana ambao XP haikuwahi kujifunza. Kwa hiyo kompyuta inaweza kuwa haimo kwenye orodha na bado ikafikika vizuri kabisa. Usitegemee orodha, nenda kwa anwani. Kwenye mstari wa juu wa dirisha la folda andika mikwaju miwili inayolalia nyuma kisha anwani, hivi: \\192.168.1.14. Ukipenda, ongeza mkwaju mwingine na jina la folda.

Sikilizeni jibu mtakalopewa, maana kila jibu lina habari yake. Ikikuuliza jina na nenosiri, furahi, umefika mlangoni. Ikisema huna ruhusa, umeingia ndani lakini kabati limefungwa: ruhusa za kushea folda ni kitu kimoja, na ruhusa za faili lenyewe kwenye diski ni kitu kingine, na lazima zote mbili zikubali. Ikisema 0x80070035, maana yake haikuiona njia, rudi kwenye anwani na fayawoli. Na mara nyingine Windows mpya inakueleza waziwazi kwamba folda ile inataka SMB1, itifaki iliyopitwa na wakati na isiyo salama. Hapo ndipo unapojua kwamba shida ni lugha.

Lakini kabla ya lugha niseme jambo la nenosiri, maana ndilo linalowakwamisha watu wenye Windows 7, na wenye Windows 7 mjini hapa bado ni wengi.

Windows 7 ilitoka mwaka 2009, na haihitaji SMB1 kuzungumza na Windows 11. Narudia kwa sababu maelekezo mengi mitandaoni yanawaambia watu wawashe SMB1 kwa kila kompyuta yenye mvi. Windows 7 inajua toleo la 2.1, na Windows 11 inalielewa bila shida. Kinachowakwamisha ni mazoea. Miaka ile tulikuwa tunazima ulinzi wa nenosiri kwenye kushea ili kila anayekuja aingie kama mgeni. Wengine tulitegemea HomeGroup, mpango wa kushea mafaili nyumbani uliokuja na Windows 7 kisha ukaondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Waliokuwa wanautegemea wakaamka siku moja folda hazionekani. Sasa Windows 11 Pro, tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, inakataa kuingia sehemu kama mgeni asiye na jina, na inataka kila ujumbe uwe na saini. Mgeni asiye na nenosiri hana cha kutilia saini.

Dawa yake ni nyepesi. Kwenye kompyuta yenye folda, fungua akaunti mpya ya kawaida, ipe jina na nenosiri la kweli, kisha washa tena ulinzi wa nenosiri. Ukiulizwa upande wa pili, taja jina hilo na nenosiri hilo. PIN unayofungulia laptopu haifanyi kazi hapa, hiyo ni ya kufungulia kifaa chenyewe tu. Na akaunti isiyo na nenosiri kabisa hairuhusiwi kuingia kupitia mtandao. Windows imekuwa hivyo tangu XP. Nimekuta watu wamebonyeza kitufe cha kuingia mara hamsini bila kuandika kitu, kwa sababu nyumbani hawatumii nenosiri. Hawana kosa, hakuna aliyewaeleza.

Sasa lugha.

Kompyuta mbili zinapotaka kushea faili hazianzi na faili. Zinaanza na salamu. Anayekuja hodi anataja namna za kuzungumza anazozijua, na mwenyeji anachagua moja wanayoielewa wote. Waliotengeneza SMB waliziita namna hizo lahaja, na mimi Mtanga neno hilo limenikaa vizuri sana, kwa sababu bibi yangu alisema Kimtang'ata na babu Kiunguja, na nyumbani walielewana. Windows XP inajua lahaja moja kuu, jina lake NT LM 0.12, ndiyo hiyo SMB1. SMB yenyewe ilizaliwa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mtandao wa ofisini ulikuwa wa watu wanaojuana kwa sura. Lahaja ya pili ilikuja na Windows Vista, ya tatu na Windows 8 mwaka 2012, ikiongeza usimbaji ili anayechungulia njiani asiambulie kitu. XP ilitoka mwaka 2001, haikufundishwa hayo yote. Ikija hodi kwa Windows 11, inasalimu kwa lahaja yake moja tu, na mwenyeji hajibu.

Kwa nini hajibu? Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, programu haramu iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa. Ilipita kwenye kasoro iliyokuwa ndani ya SMB1, ikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubonyeza chochote, ikafunga mafaili na kudai dola 300 za bitikoini. Ndani ya siku chache ilikuwa imefika nchi zaidi ya 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji na kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Na kiraka cha kasoro ile kilikuwa kimeshatolewa tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka. Na mashine kama XP zilikuwa hazipewi tena viraka.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Wengi wetu tumezima masasisho ili bando lisiishe. Naelewa kabisa, mzazi anayenunua bando la wiki hawezi kuangalia kompyuta ikilila lote usiku mmoja. Lakini kompyuta iliyozimwa masasisho, ikawashwa na SMB1 juu yake, imeachwa mlango wazi usiku na ufunguo umechomekwa. Mwaka 2017 huo huo, mwezi wa Oktoba, Windows 10 ikaanza kuja bila kuiwasha SMB1 upande wa kupokea, na ule upande wa kwenda hodi ukajiondoa wenyewe ikiwa haujatumika kwa siku 15, bila kuhesabu muda ambao kompyuta imezimwa. Ndiyo sababu kuna watu ambao kila kitu kilifanya kazi, wakaenda likizo wakaiacha kompyuta inawaka, wakarudi hakifanyi.

Najua kuna atakayelazimika. Kuna mashine za kuskani maofisini ambazo hazijui lahaja nyingine. Ukilazimika, washa ule upande wa kwenda hodi peke yake, usiwashe wa kupokea. Chomoa intaneti kwanza, fanya kazi yako, kisha zima siku hiyo hiyo kabla hujala chakula cha usiku. Mimi niliwahi kuiwasha kwenye ofisi moja ndogo nikasema nitarudi kesho kuizima. Nilirudi baada ya miezi minne. Hakuna lililotokea, Mungu alisaidia, lakini usiku ule nilipokumbuka sikulala.

Njia ninayoiamini ni nyingine. Kompyuta si Windows yake. Lile boksi la rangi ya siagi linaweza kuwashwa na Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, bila kugusa hata faili moja la diski yake. Kuna Linux ndogo ambazo bado zinakubali mashine za biti 32 zenye kumbukumbu kidogo. Mimi natumia antiX, wengine wanapenda Puppy. Linux hiyo inaisoma diski ya XP, na ndani yake inajua lahaja ya tatu ya SMB. Kwa hiyo ni boksi lile lile, diski ile ile, lakini sasa likipiga hodi kwa Windows 11 linasalimu kwa lugha inayoeleweka, na laptopu haikushusha ulinzi wowote. Kama mashine ni ya zamani kiasi kwamba haiwaki kwa flashi, choma Linux hiyo kwenye CD.

Hiyo ndiyo niliyoitumia kwa mzee wa studio. Kwanza tulirudisha kila kitu ambacho mjukuu alikuwa amekishusha: fayawoli, nenosiri, ruhusa. Kwenye laptopu tukatengeneza folda moja, tukaiita Pokea, na akaunti moja yenye ruhusa ya kuandika humo tu. Picha zilikuwa kama gigabaiti 60. Kadi ya mtandao ya ile XP ilikuwa ya megabiti 100, ambayo kwa hali halisi inapitisha megabaiti 11 hivi kwa sekunde. Ilichukua saa moja na nusu. Kwa waifai ya miaka ile tungekesha, na kwa kuzipandisha mtandaoni bando la familia lingekwisha kabla hata harusi za 2005 hazijamalizika.

Zilipofika hatukufuta kitu. Tulihesabu mafaili huku na kule, tukalinganisha ukubwa, tukafungua picha kadhaa kutoka kila mwaka. Hapo mzee akashtuka: picha nyingi alizozirekebisha mwenyewe zilikuwa na tarehe ya Januari 2002, akadhani zimeharibika. Ilikuwa ni ile betri ndogo ya duara, CR2032, inayoshika saa ya kompyuta. Ilikufa zamani, kwa hiyo kila umeme ulipokatika saa ilirudi mwanzo, na kila alichohifadhi kikapata tarehe hiyo. Picha zenyewe zilikuwa salama. Nyingi zilikuwa bado zimebeba ndani yake tarehe ya kamera, tukazipanga kwa hiyo. Akaomba tufungue moja aliyoitaja kwa jina la bibi harusi. Ikatokea, kubwa kuliko alivyowahi kuiona kwenye kioo chake cha zamani, hina ya mkononi ikihesabika kila jani. Akaitazama muda mrefu bila kusema neno.

Kwa wenye haraka au wasio na waya, diski ya nje inatosha, ila kumbukeni kwamba ikiwa na mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, na video za harusi zinafika hapo upesi. Na kama kompyuta yenyewe haiwaki kabisa lakini diski ni nzima, diski inachomolewa na kuunganishwa kwa kiunganishi cha USB. Ukinunua, angalia kwanza diski yako ni ya IDE yenye meno mengi au ya SATA yenye mdomo mwembamba. Hilo mniletee, tutaliangalia pamoja.

Sasa naizima XP hii kwa utaratibu wake. Naomba mliokaa nyuma msogee, na kijana pale atupunguzie taa ili kioo kionekane. Flashi hii hapa nimeshaiandaa, naichomeka nyuma, nawasha, nabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Inachukua kama dakika mbili. Wakati inawaka, mwenye swali aulize, na aliyekuja na mashine yake aniambie inaanza na namba gani anapoandika ipconfig.